Mwongozo kamili wa kutengeneza filamu fupi ya ulimwengu bandia ukiwa Dodoma

Mtazamaji wa Dodoma akiona mlango umejifunga wenyewe kwenye filamu, wazo la kwanza ni jini, la pili ni jirani mwenye husuda. Kompyuta haimo kabisa kwenye orodha. Hilo ndilo tatizo kubwa la yeyote anayetaka kutengeneza filamu ya watu wanaogundua kuwa dunia yao ni programu, na pesa haisaidii kulitatua. Filamu zetu zimefanya kazi ya miaka mingi kumzoesha mtazamaji alama za uchawi: upepo wa ghafla, paka, macho meupe, muziki wa kushtua. Ukizitumia alama hizohizo, hata ukimalizia na chumba kizima cha kompyuta, umetengeneza filamu ya jini.

Ninachoeleza hapa ni filamu ya dakika kumi na tano hadi ishirini, timu ya watu sita au saba, simu nzuri au kamera moja, na mji kama ulivyo. Hakuna picha za kompyuta. Kuna kazi nyingi ya daftari.

Hatua ya kwanza: andika kanuni kabla ya hadithi

Uchawi una mtu nyuma yake. Kuna anayekuchukia, kuna aliyelipwa, kuna sababu ya kuandamwa wewe na si mwingine. Dunia inayoendeshwa na kompyuta haina chuki na mtu. Inabana matumizi tu, na hitilafu zake zote zinatokana na ubanaji huo.

Tofauti hii inaonekana vizuri hata kwa wanafalsafa. René Descartes, katika kitabu kilichotoka 1641, aliuliza itakuwaje kama kuna pepo mwenye nguvu na hila anayemdanganya katika kila anachokiona. Huyo ni jini kabisa, ana nia. Mwaka 2003 Nick Bostrom, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Oxford, alichapisha hoja ya namna nyingine. Alisema kati ya mambo matatu, moja lazima liwe kweli: ama jamii zenye akili kama yetu karibu zote hutoweka kabla ya kupata uwezo wa kuigiza dunia ndani ya kompyuta, ama zikiupata hazina hamu ya kuigiza maisha ya wahenga wao, ama sisi wenyewe, karibu kwa hakika, tumo ndani ya mwigo wa aina hiyo. Kwa mwandishi wa skripti, mali iko katikati ya hoja. Bostrom anaeleza kuwa mwenye kuuendesha mwigo hana haja ya kukokotoa kila kitu. Kilicho ndani kabisa ya ardhi kinaweza kuachwa, vitu vya mbali angani vinatosha kuwa picha nyepesi, na undani unajazwa pale mtu anapoangalia. Michezo ya kompyuta inafanya hivyo kila siku: kilicho nje ya fremu hakichorwi, na mlima wa mbali unachorwa kwa pembe chache kuliko wa karibu.

Kwa hiyo chukua karatasi, andika kanuni moja kwa sentensi moja. Mfano nitakaoutumia hadi mwisho ni huu: mfumo hauchori kisichotazamwa, na ukielemewa unarudia ulichokwisha kuchora. Basi. Kila sini utakayoiandika ipitishe hapo. Sini ikiwa inatisha lakini haitokani na kanuni, itoe hata kama ndiyo uliyoipenda kuliko zote. Ukijikuta unahitaji kanuni ya pili, hadithi yako ni ndefu kuliko filamu yako.

Hatua ya pili: tafuta mhusika ambaye kazi yake inagusana na kanuni

Kijana wa kompyuta aliyejifungia chumbani huku herufi za kijani zikimpita usoni tumeshamwona. Muache. Mtafute mtu ambaye kazi yake ya kila siku ingemlazimisha kugundua kanuni yako kabla ya mtu mwingine.

Kwa Dodoma mtu huyo ni mpima ardhi. Mji huu ulichorwa kabla ya kukaliwa: TANU iliamua 1973 kuhamishia makao makuu hapa, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu ikaundwa mwaka huohuo, na mpango kabambe wa mji ukatoka 1976 kwa mkono wa kampuni ya Kanada. Barabara na viwanja viliishi kwenye karatasi miaka mingi kabla ya nyumba. Mamlaka hiyo ilivunjwa 2017, Dodoma ikawa jiji 2018, na tangu serikali ianze kuhamia kwa kishindo, ukikaa mahali popote dakika kumi mazungumzo yatafika kwenye viwanja.

Tumwite mpima wetu Nyemo. Ametumwa kupima eneo jipya pembeni mwa mji. Anakuta mbuyu wenye kovu upande wa mashariki, bikoni ya zege (nguzo fupi ya kuonyesha mpaka wa kiwanja) iliyopasuka pembe moja, na mbuzi watatu, mmoja mweupe. Siku ya pili, kilomita nyingi kutoka hapo, anakuta mbuyu uleule, kovu lilelile, mpasuko uleule, na mbuzi watatu. Kila mtazamaji anaijua kesi ya kiwanja kimoja chenye wenyewe wawili. Hapa unampa kinyume chake: kiwanja kimoja, mwenyewe mmoja, mahali pawili. Kwanza atadhani ni utapeli wa ardhi, na ni vizuri adhani hivyo kwa dakika tano nzima, kwa sababu utapeli ni maelezo ya kawaida na yanamweka mbali na jini. Zaidi ya hapo, umeshuti mbuyu mmoja kwa sini mbili.

Hatua ya tatu: orodhesha hitilafu, ndogo kabla ya kubwa

Hitilafu nzuri haihitaji muziki wala uso wa mshangao. Iweke pembeni mwa fremu na mwache anayeiona aione. Hizi ndizo ninazozipenda, na zote zinafanyika kwa gharama ndogo.

Salamu. Hakuna sehemu yenye mpangilio mkali katika maisha yetu kama shikamoo. Nyemo anaingia kwa mama lishe, mtoto wa miaka sita amekaa kwenye kigoda. Nyemo anamwambia, "Mambo?" Mtoto, bila kuinua uso, anajibu, "Marahaba." Kila mtu ukumbini atajigeuza kwenye kiti. Hakuna aliyelogwa. Jibu limekosea mlango, limetoka kwenye akiba ya majibu. Usilirudie wala Nyemo asilitolee maelezo. Anywe chai yake. Baadaye mzee wa Kigogo anaweza kumsalimia "Mbukwenyi," yeye akajibu, na mzee akasalimia tena kwa sauti na pumzi ileile kana kwamba hakujibiwa.

Noti. Nyemo anapewa chenji, noti ya elfu tano. Jioni anapewa nyingine na mtu mwingine, namba ileile. Usithubutu kuchapisha noti ya kuigizia, hilo ni kosa la jinai. Shuti noti moja halisi mara mbili, kwenye viganja viwili tofauti na mwanga tofauti. Ipige picha ya karibu, na namba ikae kwenye skrini muda wa kutosha kusomwa. Mara ya kwanza lazima kuwe na sababu ya kuitazama: noti imechanika kona, Nyemo anaikataa, wanabishana kidogo. Mara ya pili mpasuko ule wa kona utafanya kazi yote.

Bajaji. Ileile, abiria yuleyule mwenye mfuko wa sukari mapajani, inapita nyuma ya mazungumzo kutoka kushoto kwenda kulia. Baada ya nusu dakika inapita tena kutoka kushoto kwenda kulia. Haikurudi. Mlipe dereva kwa saa, si kwa safari, maana mtairudia.

Na kuna sentensi moja ambayo mtazamaji wetu ameisikia kwenye kila dirisha la huduma maishani mwake: "Mfumo unasumbua leo, njoo kesho." Mpe karani wa ofisi ya kubuni. Iseme mwanzoni, watu watacheka. Iseme tena karibu na mwisho, karani yuleyule, sauti ileile, wakati huu Nyemo akiwa hajauliza kitu.

Hatua ya nne: maeneo na vibali

Chagua maeneo yanayojirudia yenyewe. Mabweni na majengo ya Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa 2007, yana mistari inayofanana kiasi kwamba mtu akitoka kulia na kuingia kushoto, jicho halijui kama amefika jengo jingine. Mashamba ya zabibu ya Hombolo au Mpunguzi yana safu zilizonyooka hadi zinapokutana. Kwa sini ya ukingo wa dunia, mahali ambapo mfumo haujachora kitu, nenda Bahi wakati wa kiangazi: mbuga tambarare iliyokauka, upeo mtupu, hakuna mti wa kukupa kipimo. Mwigizaji akitembea kuelekea huko kwa dakika mbili anazidi kuwa mdogo tu, hafiki popote.

Watu wengi wakisikia ulimwengu wa picha wanakimbilia Kolo, kwenye michoro ya miambani ya Kondoa iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mimi ningeiacha. Kwanza, baadhi ya mapango yale bado ni mahali pa matambiko kwa wenyeji, si mandhari ya kukodi. Pili, ukiweka michoro ya kale kwenye filamu ya fumbo, mtazamaji ataamini kuwa jibu limeandikwa pale, na filamu yako itageuka ya kutafuta hazina.

Kuhusu vibali, anza mapema. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976 inataka kibali cha Bodi ya Filamu kabla ya kurekodi, na Bodi hiyohiyo ndiyo inayokagua na kupanga daraja la umri kabla filamu haijaonyeshwa hadharani. Ukiwa na kibali mkononi nenda serikali ya mtaa, mwone mwenyekiti, umwachie nakala. Huyo ndiye atakayekuokoa mtu akipiga simu kusema kuna watu wanapima viwanja usiku. Chuo, stesheni ya reli na soko, kila mahali pana ruhusa yake. Mji wa Serikali Mtumba na eneo la Ikulu Chamwino usielekeze kamera bila ruhusa ya maandishi, hata kwa mbali. Droni inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na uwanja wa ndege wa Dodoma uko mjini kabisa, kwa hiyo usitegemee kuirusha juu ya paa za katikati ya mji.

Hatua ya tano: panga ratiba kwa jua

Mvua za Dodoma zina msimu mmoja, takribani Desemba hadi Aprili. Miezi ya kiangazi ndiyo ya kushuti: mibuyu haina majani, anga ni ileile siku hadi siku, na mwendelezo wa picha unajilinda wenyewe.

Lakini kuna zawadi moja ambayo wapigapicha wa Ulaya hawaipati kamwe. Dodoma iko takribani nyuzi 6 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mara mbili kwa mwaka jua linapita utosini kabisa: karibu na tarehe 4 na 5 Machi, na karibu na tarehe 8 na 9 Oktoba. Machi ina mawingu. Oktoba ndiyo yako. Kwa kuwa saa ya Tanzania inafuata mstari ulio mashariki zaidi, utosi huo haupigi saa sita kamili; mwezi Oktoba tegemea kama saa 6:25 mchana. Dakika hiyo, mlingoti wa kupimia uliosimama wima hauna kivuli. Nyemo anausimika, anausogeza, anatazama ardhini. Hakuna kitu. Bikoni haina kivuli, nguzo ya umeme haina kivuli. Kwa mfumo unaobana matumizi, vivuli ndivyo vya kwanza kukatwa, na wewe hukutumia hata shilingi.

Una muda mfupi. Kila dakika nne jua linasogea nyuzi moja, na kwa mlingoti wa mita 2 hiyo ni kivuli cha sentimita tatu na nusu hivi. Kwa hiyo hesabu dakika nane za kazi, nne kabla na nne baada, na siku mbili tatu kabla au baada ya tarehe bado zinafaa. Fanyeni mazoezi saa tano, kamera ikae mahali pake, timazi ihakikishe mlingoti umesimama wima kweli. Shuti picha pana tu. Jua la utosini linageuza macho ya mwigizaji kuwa mashimo meusi. Nyuso zitashutiwa baadaye chini ya kivuli cha turubai jeupe.

Hatua ya sita: kushuti

Weka fremu 25 kwa sekunde na shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) 1/50 ya sekunde. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na ukiacha simu ijichagulie 30 na 1/60, taa nyingi za ofisini na dukani zitatetemeka kwenye picha. Mtetemo huo ni hitilafu ambayo hukuipanga, na kwenye filamu hii mtazamaji atauhesabu. Funga mwanga, fokasi na rangi. Hakuna kitu cha kujirekebisha chenyewe.

Mtu mmoja mara mbili ndani ya fremu moja ndiyo mbinu pekee ngumu utakayohitaji, na inafanyika hivi. Simamisha kamera kwenye traipodi, ning'iniza mfuko wa mchanga katikati yake, na kuanzia hapo asiiguse mtu. Anza na kusimamisha kurekodi kwa rimoti au kwa saa ya kuchelewesha. Tafuta mstari wa kugawia picha ambao hausogei: ukingo wa mlango, kona ya ukuta, nguzo. Usigawie kwenye matawi, kwa sababu upepo wa Dodoma hautatulia kwa ajili yako. Rekodi kwanza eneo tupu nusu dakika. Kisha mwigizaji acheze upande wa kushoto, akitazama alama uliyobandika kwenye urefu wa macho yake mwenyewe. Abadilishe nguo haraka, acheze upande wa kulia, huku mtu akimsomea nyuma ya kamera maneno ya upande wa kwanza kwa mwendo uleule. Hakuna kiungo wala kivuli kinachoruhusiwa kuvuka mstari. Yote yaishe ndani ya dakika kumi, la sivyo mwanga wa ukutani utakuwa umehama. Kwenye programu ya kuhariri, kwa mfano DaVinci Resolve ambayo ina toleo la bure, panga picha moja juu ya nyingine, kata kwa kufuata mstari, lainisha ukingo kidogo. Kama vivuli vilikaa kwao, hakuna atakayeona mshono.

Vioo vinafanya kazi hiyohiyo kwa bei nafuu zaidi. Rainer Werner Fassbinder alipotengeneza filamu ya televisheni ya dunia ndani ya kompyuta, Welt am Draht, iliyorushwa Ujerumani Magharibi 1973, hakuwa na picha za kompyuta za kutegemea. Alijaza fremu zake vioo na glasi hadi mtu hana uhakika anamtazama nani, na mji wake wa baadaye aliupata kwa kushuti majengo mapya ya Paris ya wakati huo. Saluni yoyote ya mjini ina vioo vinavyotazamana. Omba saa moja asubuhi kabla hawajafungua.

Hatua ya saba: sauti

Hapa ndipo filamu nyingi zetu zinapofia, na hii haiwezi kufia hapa kwa sababu mtazamaji atakuwa anatega sikio kutafuta hitilafu. Upepo wa Juni hadi Oktoba ni mkali. Nunua manyoya ya maiki, kifuniko cha kuzuia upepo, kabla ya kununua lenzi. Kila eneo, kabla watu hawajatawanyika, nyamazeni wote murekodi dakika moja ya ukimya wa mahali pale. Utauhitaji kwa kuziba mishono, na pia kwa kuutoa: sekunde mbili za kutokuwa na sauti kabisa, Nyemo akiwa Bahi, zinatisha kuliko ngoma yoyote.

Rudia sauti kwa makusudi. Jogoo yuleyule, mbweko uleule wa mbwa, kukohoa kulekule kwa mtu wa chumba cha pili, kila usiku dakika ileile. Adhana na kengele za kanisa ziache ziende zilivyo. Ukizifanya hitilafu unaanzisha mjadala mwingine kabisa na Bodi itakuuliza.

Muziki upo jirani. Ilimba ya Wagogo, ala ya vipande vya chuma vinavyopigwa kwa vidole, ina vitundu vilivyozibwa kwa utando wa buibui, na ndiyo inayoipa ule mvumo chini ya noti za muziki, kama kitu cha umeme kilichoachwa kimewashwa. Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo aliyefariki 2003, aliufikisha mvumo huo kwenye majukwaa ya dunia, lakini usichukue rekodi zake. Mtafute mpigaji wa leo, mlipe, andikianeni makubaliano ya matumizi. Mwombe mzunguko mmoja mfupi usiobadilika, kisha aurudie akiacha noti moja.

Hatua ya nane: kuhariri na kuamua mwisho

Kata maelezo. Rasimu ya kwanza ya kila skripti ya namna hii ina profesa anayeeleza kila kitu kwa dakika tatu, na mwisho wa "kumbe alikuwa anaota." Profesa aende. Ndoto iende zaidi, kwa sababu mtazamaji amekusanya ushahidi kwa robo saa na wewe unamwambia ushahidi haukuwa na maana. Usionyeshe waliotengeneza dunia. Ukiwaonyesha tu, wanakuwa na nia, na jini amerudi. Nyemo abaki na swali la kikazi: ripoti ya upimaji inadaiwa Ijumaa, na kiwanja kimoja kina majira mawili ya ramani, yaani kiko mahali pawili. Ataandika lipi?

Kabla ya kumaliza rangi na sauti, waonyeshe watu kumi wasiojua lolote: wanafunzi watano wa chuo, na wengine watano kwenye kibanda umiza, ambao watakuambia ukweli hata kama haukupendezi. Usiulize kama wameipenda. Uliza, "Haya yote kayafanya nani?" Wakikutajia mhusika, mama mkwe, bosi, yule mzee wa salamu, rudi kwenye mhusika huyo umtoe kila tazamo refu na kila ukimya uliompa. Wakisema "ni kama mji wenyewe umeharibika," funga kazi ya picha. Wakisema hawajaelewa lakini wanabishana kuhusu noti, funga pia.

Hatua ya tisa: kuitoa

Peleka nakala Bodi ya Filamu kwa ukaguzi, ukiambatanisha skripti ya mwisho, si ile ya kuombea kibali, kwa kuwa zitakuwa zimetofautiana. Weka maandishi ya Kiingereza chini ya picha kama unaitaka Tamasha la Filamu la Zanzibar au la nje. Kwenye "Marahaba" usitafsiri kwa neno moja. Andika jibu ambalo mtu mzima humpa mtoto, ili mgeni naye ashtuke. Bango lisiwe na kompyuta wala macho ya buluu. Piga picha ya mlingoti saa 6:25 mchana, usio na kivuli, na tarehe ya onyesho chini yake.